Wanaokutwa na VVU klinikini wakiongezeka, je, maambukizi mapya yameongezeka?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilitibiwa kisonono katika kliniki ya magonjwa ya ngono, nikashauriwa nipime na VVU. Majibu yalikuwa hasi, lakini nimeambiwa nirudi kupima tena. Nikiwa hapo nilisikia kwamba wanaokutwa na virusi klinikini wameongezeka. Je, ina maana maambukizi mapya yanaongezeka? Na kwa nini nirudie kipimo? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba. Anayegundulika leo huenda aliambukizwa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo kliniki ikipima watu wengi zaidi, itawagundua wengi zaidi hata kama maambukizi mapya yanapungua. Kinachoonyesha mwelekeo kwa uhakika zaidi ni watu kama wewe, waliopima wakakutwa hawana virusi kisha wakarudi, kwa kuwa akikutwa navyo safari ya pili tunajua aliambukizwa katikati ya vipimo hivyo viwili. Hata hivyo, hali ya wagonjwa wa kliniki hizi haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo hali ya jiji zima, maana wengi wao hufika wakiwa tayari na dalili za ugonjwa wa zinaa.

Mkoa wako una historia kubwa katika jambo hili. Vidonda na uvimbe unaoletwa na magonjwa ya zinaa hurahisisha VVU kupita, na kwa aliye na virusi tayari, huongeza wingi wake katika majimaji ya sehemu za siri. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti walichagua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika nusu yake, wahudumu wa vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa hayo kwa kufuata dalili, na dawa zikahakikishwa zinapatikana. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa VVU katika jamii hizo walikuwa asilimia 1.2, na kwingineko asilimia 1.9. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995 na yakabadilisha fikra za wengi. Baadaye huko Rakai, Uganda, watu wazima waligawiwa dawa za magonjwa ya zinaa majumbani, wenye dalili na wasio nazo, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Kwa maoni yangu tafiti hizi mbili hazipingani: Rakai janga lilikuwa limekwisha kuenea sana, na vidonda vingi vilitokana na virusi vya herpesi, ambavyo antibiotiki haziviui.

Ndiyo maana kutibu kisonono peke yake hakutoshi. Kati ya mwaka 2015 na 2016, kliniki 5 za London ziliona idadi ya wanaume wanaojamiiana na wanaume waliogundulika na VVU ikishuka kwa karibu theluthi moja, ilhali upimaji ulikuwa umeongezwa, jambo linalofanya upungufu huo uaminike. Wateja walio katika hatari walikuwa wakipimwa mara kwa mara, waliokutwa na virusi wakaanzishiwa ARV mapema, na baadhi ya wasio navyo wakatumia dawa kinga, yaani PrEP. Anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Kuhusu wewe, vipimo vya haraka hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, nazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza, tena ni katika wiki hizo virusi huwa vingi mwilini na huambukiza kwa urahisi. Tumia kondomu, na upime tena miezi mitatu baada ya siku uliyojiweka katika hatari. Ikitokea hatari nyingine, wahi kituoni ndani ya saa 72 uombe dawa za PEP, zinazotumika kuzuia maambukizi baada ya mtu kujiweka hatarini, na utakaporudi uliza kuhusu PrEP. Mwenza wako naye atibiwe kisonono hata kama hajisikii lolote, kwani wanawake wengi wenye ugonjwa huo hawaoni dalili yoyote, na asipotibiwa mtaendelea kuambukizana.