Maboksi sita ya maandishi ya wafanyakazi: tuanzie wapi?

SWALI: Kikundi chetu cha wafanyakazi wastaafu hapa Tanga kina maboksi sita ya mashairi, simulizi na jarida letu dogo, yote yalichapwa kwa mashine ya stensili kati ya 1974 na 1989. Karatasi zimegeuka rangi ya chai, pini zina kutu, na boksi moja limeingiwa na wadudu. Mwenzetu anashauri tubakishe nakala moja safi ya kila toleo, mengine tuchome. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu zangu, msichome hata ukurasa. Nakala safi inaonyesha kilichochapwa tu. Rasimu yenye masahihisho ya kalamu, daftari la michango na muhtasari wa mkutano ndivyo vinavyoeleza jinsi mkata mkonge au kuli alivyofikia kuwa mwandishi, nani alimsahihisha, na karatasi ilinunuliwa kwa fedha za nani. Machapisho haya huuzwa mkono kwa mkono, na mengi hayakuwahi kufika maktaba. Huko Uingereza, waandishi wafanyakazi na wachapishaji wa mitaani waliunda shirikisho lao mwaka 1976. Leo machapisho yao yanasomwa katika TUC Library, maktaba ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, iliyoko London Metropolitan University, kwa sababu kuna watu waliokataa kuyatupa.

Boksi lenye wadudu litengeni leo hii. Karatasi zikiwa kavu, zifungeni ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa ikiwa imetolewa, kisha ziwekeni kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mkizitoa, acheni mifuko imefungwa kwa saa 24. Mkiifungua mapema, unyevu wa hewa utageuka maji juu ya karatasi baridi na kuleta ukungu. Picha na negativu zisiingie humo. Dawa ya kupulizia msiitumie kabisa: huacha mafuta na madoa kwenye karatasi.

Kabla ya kugusa mpangilio, pigeni picha kila boksi lilivyo na kuandika nini kilikuwa juu ya nini. Barua iliyokutwa ndani ya toleo fulani ibaki na toleo hilo.

Pini ndiyo kazi inayoharibu zaidi, maana watu huivuta kwa nguvu. Lazeni kijitabu kifudifudi, pitisheni kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya ncha za pini, zinyanyueni moja moja, kisha geuzeni na kuitoa taratibu. Karatasi ya kuchapia kwa stensili ni laini na hunyonya wino na maji haraka, hivyo huchanika palipo na kutu. Msipige pini mpya. Shoneni kwa uzi mweupe wa pamba kupitia matundu yale yale. Selotepu pia hapana: gundi yake huingia kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka.

Wino mweusi wa stensili ni imara. Mkikuta kurasa zenye maandishi ya zambarau, hizo zilitoka kwenye mashine ya spiriti (ya kunakili kwa spiriti badala ya wino wa stensili), na rangi yake hufifia kwa mwanga na huyeyuka kwa spiriti au alkoholi. Hizo zianze kwenye skana. Karatasi za faksi zilizochapwa kwa joto nazo zisisubiri, kwani maandishi yake hufifia.

Skani kwa dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi), kwa rangi, faili kuu iwe TIFF (faili la picha lenye ubora kamili), na PDF kwa wasomaji. Ukurasa mmoja wa A4 hufikia MB 46 hivi, kwa hiyo kurasa 2,000 zahitaji takriban GB 93. Wekeni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Asili zisitupwe baada ya kuskani.

Kwenye pwani adui mkubwa ni unyevu. Ukungu huota kirahisi unyevunyevu wa hewa ukizidi asilimia 65. Rafu iwe sentimita 15 juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje, hewa ipite. Bahasha za plastiki ya PVC hunyofoa wino. Tumieni za poliesta au karatasi isiyo na asidi.

Kuhusu hakimiliki, wengi hukosea. Shairi ni la aliyeliandika, si la kikundi, isipokuwa aliandika kukihamishia haki. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999, haki hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Tafuteni waandishi au warithi wao, waulizeni mambo mawili kwa maandishi: kusomwa ndani ya maktaba, na kuwekwa kwenye intaneti. Wengi hukubali la kwanza na kusita kwa la pili, hasa simulizi inapomtaja msimamizi au ugonjwa. Heshimuni hilo, na wekeni tarehe ambayo simulizi hiyo itafunguliwa kwa wasomaji.

Mkipeleka maboksi kwenye East Africana, mkusanyiko wa maandishi ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kwingineko, mkataba useme wazi kama mnayatoa yawe mali yao kabisa au mnakabidhi tu kutunziwa, nani anaruhusu kunakili, na kwamba kikundi kitabaki na nakala kamili za kidijitali.