CIF au FOB kwa Pampu Zinazokuja Kisumu?

Dada yangu wa Kisumu, umeuliza iwapo ukubali bei ya CIF Mombasa (yaani bidhaa, bima na nauli hadi bandari ya Mombasa) kwa pampu za maji unazoagiza kutoka China. Ningekushauri uombe bei ya FOB (yaani bidhaa hadi zipakiwe melini, bila nauli wala bima), kisha utafute nauli ya meli kupitia wakala wako mwenyewe, kwa kuwa katika CIF muuzaji ndiye anayechagua meli na bima, ilhali hatari ya mzigo huhamia kwako pindi mzigo huo unapopakiwa melini kule kule China. Isitoshe, tangu 2017 Kenya inasisitiza kwamba bima ya shehena zinazoingia ikatwe humu nchini, hivyo unaweza kulipia bima mara mbili. Ushuru haukwepeki kwa kubadili CIF kuwa FOB, maana forodha hujumlisha nauli na bima katika thamani ya bidhaa. Tafadhali uliza mapema gharama ya lori hadi Kisumu na ya kurudisha kontena tupu.