Usikae kwenye meza usoiangalia kwanza

Assalamu alaykum jamani. Nianze na hili tusije tukapoteana huko mbele, mie poka, ule mchezo wa karata, nacheza kwenye simu kwa chipsi za bure tu, zile ambazo programu yenyewe inakupa, pesa yangu haijaingia hata senti na haitoingia mana kamari ni haramu na hilo kwangu halina mjadala. Kama unatafuta njia ya kupata pesa, hapa hamna. Lakini mchezo wenyewe naupenda sana, una hesabu, una kusoma watu, na kila siku nasikia vijana wenzangu wanalalamika "karata mbaya, karata mbaya" wakati karata hazina kosa lolote, kosa ni pale walipokaa.

Mie nimekulia kwenye dhumna (domino). Baraza yetu ipo huku Michenzani, Unguja, meza moja, wawili kwa wawili, wakifungwa wananyanyuka wanaingia wengine. Jioni ikishaswaliwa alasiri watu wanajaa na unaweza ukasubiri mpaka magharibi inaadhiniwa hujakaa bado, na mie zamani nikiona ule ni usumbufu tu. Sa hivi nimeelewa kuwa kule kusubiri ndo kulikuwa kunanifunza, mana umesimama pale nyuma unaona yule mzee haachii dabali sita mpaka imbane, yule mwengine akigonga anakasirika na mchezo unaofuata anaharibu, basi ukija kukaa ushawajua wote wanne nje ndani. Kwenye simu foleni hiyo haipo. Kuna kitufe kinakwambia kaa sasa hivi, unabonyeza, sekunde 2 ushakaa na watu 8 usomjua hata mmoja. Kile kitufe kiacheni.

Ninavofanya mie ni hivi. Ukifungua ukumbi wa meza, programu nyingi zinakuonesha kila meza na namba zake, wastani wa chipsi zinazorundikana katikati kwa kila mchezo na asilimia ya wachezaji wanaobaki kuziona zile karata 3 za mwanzo zinazofunuliwa mezani. Hiyo asilimia ndo naiangalia kuliko kitu chengine. Ikiwa kubwa mana yake watu wanaingia na kila kitu, ree, magarasa, vyote sawa kwao, na mtu anaeingia na kila kitu mara nyingi anaingia na kibovu. Ikiwa ndogo mno hiyo ni meza ya watu wenye subira kama wewe au kukushinda, sasa unakwenda kutafuta nini pale?

Ila meza za chipsi za bure zina tabu yake, zile za viwango vya chini kabisa watu wanasukuma chipsi zote kila mchezo kwa vile wakiishiwa wanapewa nyengine bure. Pale hujifunzi kitu, ni bahati tupu. Mie napanda viwango viwili vitatu juu, huko mtu kazikusanya mwenyewe kwa wiki nzima kwa hiyo anaziona uchungu.

Halafu naingia naangalia tu bila kukaa. Michezo kama 20 hivi, meza ya simu inakwenda haraka, ni kama dakika 20 tu, hata chai haijapoa vizuri. Hapo nangojea zile karata zinazooneshwa mwisho. Wiki ilopita nilimuona mmoja kiti cha 4, kapandisha dau mara tatu mfululizo watu wote wanatupa karata wanamkimbia, mara ya nne mmoja akamfata mpaka mwisho, zikafunuliwa karata zake mbili, ana saba na mbili, rangi mbalimbali! Ndo mkono mbovu kuliko yote katika mchezo huu. Basi nikajua meza yangu ni hii.

Na hapa ndo nilikosea nikajifunza, mana kupata meza ni nusu, nusu ya pili ni kiti. Kilichokuwa wazi ni kiti cha 3, nikakaa. Sasa zamu ya kucheza inazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo karibu kila mara naanza mie halafu yeye yuko nyuma yangu. Naingia kwa kiasi kidogo na jozi ya tisa, yeye anapandisha mara tano, nami sijui ana jozi kubwa au ana ile saba na mbili yake. Natupa. Mara saba imetokea hivo. Kilipoachwa kiti cha 5 nikahama, yani sasa yuko kuliani kwangu na anacheza kabla yangu, namuona kafanya nini ndo naamua. Chipsi zilizokwenda zilirudi zote na nyengine juu. Watu walewale, kilichobadilika ni kiti tu! Kwa hiyo mpandishaji muweke kuliani kwako, hakuna nafasi hiyo basi subiri au tafuta meza nyengine.

Kwa anaeanza nasema kaa meza ya watu 9, usikimbilie ya 6. Kila mzunguko unalipa blindi ndogo na kubwa, yani zile chipsi za lazima kabla ya karata kugawiwa, upende usipende, meza ya 9 unalipa mara moja katika michezo 9, ya 6 inakufikia haraka na inakulazimisha kucheza karata ambazo hukutaka. Kaa na chipsi za kutosha, blindi kubwa mara 100 ndo kawaida, ukikaa na mara 20 tu huna pa kugeukia.

Saa nayo ina maana. Saa 4 asubuhi yetu huku, New York ni usiku wa manane umepita, unawakuta watu wamechoka, wanabaki kwa ubishi. Ni wazuri kucheza nao ila na wewe usiwe wao, ikifika saa 6 usiku kwetu mie nishafunga.

Na yule uliemfata pale mezani akiondoka, na wewe ondoka. Watu wakibaki watatu wanne, ondoka. Simu ikiwa chini ya asilimia 20 au bando linakaribia kukata usikae kabisa, mana ukikatika katikati ya mchezo programu inahesabu sekunde zako, zikiisha inakutupia karata, hata ukiwa na ree mbili mkononi.