Sili nyama, naweza kupunguza wanga?

SWALI: Sili nyama wala samaki, ila mayai na maziwa natumia. Nataka kupunguza uzito kwa kupunguza wanga. Nikiacha ugali na maharage, si nitabaki na mchicha mtupu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Inawezekana, lakini maharage usiyaache. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina wanga gramu 40 hivi, na zaidi ya gramu 10 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, yaani wanga ambao mwili hauumeng'enyi. Protini ni kama gramu 15. Wali wa kipimo hicho hicho una wanga gramu 45 na protini 4 tu. Basi anza kupunguza wali, ugali, chapati na sukari ya chai. Maharage au choroko, nusu kikombe kwa mlo.

Mchana jaza nusu ya sahani mchicha, kabichi au bilinganya, kisha mayai mawili (protini gramu 12) na robo parachichi. Asubuhi, mtindi usiotiwa sukari.

Wengi hukwama kwenye karanga. Wanga wake ni mdogo, ndiyo, lakini gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na mtu humaliza pakiti akiangalia runinga bila kujua. Kiganja kimoja kwa siku kinatosha. Tui zito nalo ni hivyo hivyo: wanga mdogo, kalori nyingi. Na ukiacha ugali ukahamia viazi na ndizi za kupika, hujapunguza kitu.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, muone daktari kwanza: wanga ukipungua na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla.