Giaboksi ikishashuka, usiwe na haraka ya kuirudisha

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, kirikuu yangu nikipiga stata inakwaruza. Siku nyingine haiwaki mpaka niweke gia niisukume kidogo. Fundi anasema meno ya flaiwili yameisha. Naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?"

Unaweza. Flaiwili ni lile duara zito la chuma nyuma ya injini, lenye meno yanayong'atwa na stata; liko kati ya injini na giaboksi, kwa hiyo lazima giaboksi ishuke kwanza. Mimi nimebadilisha Kigamboni, uani kwangu, ila giaboksi nimeishusha mara mbili, na hiyo mara ya pili ndiyo inayoniuma.

Mwaka jana gereji moja ilinifungia klachi mpya. Haikupita wiki, gari ikaanza kutetemeka kila nikiachia klachi. Niliporudi nikaambiwa najua kuendesha automatiki tu. Mbele ya watu! Niliposema nitafungua mwenyewe, wakaniita fundi maiko.

Nilifungua. Uso wa flaiwili ulikuwa na madoa ya bluu ya kuungua na nyufa ndogondogo. Waliziona, wakafunga pleti mpya ya klachi juu yake. Na meno yalikuwa yameliwa sehemu tatu, kwingine mazima kabisa. Sababu ni kwamba injini ya kirikuu, yaani Suzuki Carry kama hii yangu, ina silinda 3, na ukiizima husimama pale pistoni inapobana hewa. Kwa hiyo stata inang'ata meno yaleyale kila siku. Ndiyo maana ndugu yangu aliyeniandikia akisukuma kidogo inawaka: meno mazima yamesogea mbele ya stata.

Nikavuka na kivuko mpaka Gerezani, kwenye vipuri, flaiwili kwenye mfuko wa sandarusi. Nenda na ile ya zamani, usitaje jina la gari tu. Hesabu meno, hesabu matundu ya boliti, zilaze mbili pamoja. Niliyopata ilikuwa ya mtumba, nikapitia kwa mkerezaji akanisawazishia uso.

Kushusha siyo kazi ya kutisha: waya hasi wa betri, propela (ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), stata, kebo ya klachi, boliti za giaboksi. Kinachotisha huku kwetu ni mchanga. Jeki inazama huku unaitazama. Weka ubao mpana chini yake, kisha gari ikae kwenye stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Nakusihi.

Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, anamulika tochi. Flaiwili ilipotoka akasema, "Mjomba, hapa pana unyevu." Ilikuwa oili, nyuma ya krenki, mhimili wa injini unaobeba flaiwili. Giza linaingia, sili (ile raba ya kuzuia oili) sina, na kuvuka tena mpaka mjini ni kesho. Nikamwambia apanguse tu.

Wiki tatu baadaye klachi ikaanza kuteleza. Oili ilikuwa imeilowesha pleti yote. Nilikaa pale chini nikawaza wale wa gereji. Waliona, wakafunika. Na mimi niliona, nikafunika.

Kwa hiyo nunua sili ya nyuma ya krenki kabla hujashika spana, pamoja na beringi ya klachi. Ukiona kitu kibovu, usifunge. Gari ilale juu ya stendi hata siku nne, mkeo aseme, majirani waseme, usifunge! Wengi tunaotaka kujitegemea tunaangushwa na jioni, siyo na ugumu wa kazi. Ukihisi unataka kumaliza leo, nawa mikono uingie ndani.

Mara ya pili nilinunua sili na pleti mpya, nikafuta uso wa flaiwili kwa kitambaa na petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Boliti nikamwachia kijana: akikaza moja anahamia ya mkabala wake, kwa awamu, mwisho kwa toki renchi, spana inayopima mkazo, kwa kipimo cha kitabu cha injini. Sikumharakisha. Asubuhi nikampa ufunguo, akapiga stata mara moja tu, ikawaka bila kukwaruza.