Mdogo wako anaenda India? Anza na kadi ya njano

Dada, umeuliza mdogo wako anayeenda kusoma India ajiandae vipi kiafya, mi naanza na ile kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana wengi wanaikumbuka wakiwa wameshafika uwanja wa ndege Entebbe. India wanaogopa sana homa ya manjano, mtu akitoka Uganda bila cheti, au amechanjwa na siku 10 hazijatimia, wanaweza kumweka karantini mpaka siku 6, sasa fikiria safari ya kwanza unaanza kwa kufungiwa. Achanjwe mapema, sindano moja inatosha maisha yote, na aipige picha kadi akutumie.

Halafu malaria. Akishikwa na homa zile wiki za kwanza asikae hosteli anameza panado tu, aende hospitali aseme mwenyewe nimetoka Uganda nipimeni malaria, maana anaweza kuwa ameibeba kutoka huku na daktari akadhani ni dengue au mafua. Na akirudi likizo baada ya mwaka au miwili alale kwenye neti jamani, ile kinga tunayopata kwa kuumwa-umwa inapungua ukikaa mbali, kaka yangu alijiona mwenyeji wa Arua akaishia kwenye dripu (tulimcheka lakini aliumwa kweli).

Maji anywe ya chupa au yaliyochemshwa. Bima asome inalipia nini kabla hajasaini. Namba ya dharura kule ni 112, aisevu kabla hajapanda ndege.