Swali la Lugha: Nahodha na watu wa ngamani

SWALI: Msomaji wa Wete, Pemba, mwanafunzi wa kidato cha sita, anauliza: shairi huru (lisilofuata vina na mizani) linapomwita kiongozi "nahodha" na wananchi "watu wa ngamani", yaani walio chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika, hizo ni sitiari mbili au moja? Na je, zinajenga maana au zinapamba tu?

JIBU: Ni moja, nayo haikuzaliwa ndani ya shairi. Mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson walieleza mwaka 1980 kwamba sitiari hukaa kwanza katika fikra, ndipo ikajitokeza katika maneno: jambo gumu kulishika, kama utawala, tunalifikiri kwa kupitia jambo tulilolizoea. Sisi wa visiwani tumeizoea bahari, na bila ya kukusudia ushairi wowote tunasema mambo yamekwenda mrama, fulani kashika usukani, dau la mnyonge haliendi joshi. Semi hizo zote zinasimama juu ya wazo kwamba kuendesha mambo ya watu ni kuendesha chombo.

Mshairi hulikuta wazo hilo tayari. Lakoff na mtaalamu wa fasihi Mark Turner walionyesha mwaka 1989 kwamba yeye hulirefusha, hulijazia, hulihoji au huliunganisha na jingine. Tuseme ameandika hivi (mfano ni wangu; tezi ni nyuma ya chombo, na kufua maji ni kuyatoa chomboni):

Nahodha amelala tezi,
nasi wa ngamani twafua maji kwa viganja.

Nahodha hashtui mtu, kwani tunamsikia kila siku. Kinachofanya kazi ni ngama, ambayo mazungumzo ya siasa huiacha, na zaidi ya hapo ni viganja, kwa sababu anayejua vyombo atauliza mara moja upo, yaani kile kifaa cha kufulia maji, umekwenda wapi, na swali hilo ndilo lawama yenyewe, ijapokuwa hakuna aliyelaumiwa kwa jina. Ukiyaandika hayo kwa maelezo ya kawaida, uzembe wa kiongozi utabaki, lakini upo uliokosekana hutauona. Hilo si pambo.

Ushairi wa vina na mizani nao hufanya hivyo. Mshairi Haji Gora Haji wa Tumbatu, Zanzibar, alikifanya kimbunga king'oe mibuyu na minazi ikanusurika, na msomaji anaelewa kwamba hazungumziwi miti. Shairi huru, hata hivyo, huweza kuruka kutoka chomboni hadi kwenye jamvi la kuanikia karafuu bila ya kuaga, na wengi huona vurugu pale ambapo sitiari mbili zimekutana. Kwa hiyo usizihesabu tamathali moja moja, kama mitihani inavyotuzoesha vibaya. Tafuta wazo linalozibeba, kisha uangalie ni sehemu gani ya wazo hilo ambayo mazungumzo ya kawaida huinyamazia.